Sanamu ya Tatu ya Ujiji

Mgeni akifika Kigoma, wenyeji humlisha migebuka kisha humpeleka Ujiji. Mimi shemeji yangu alinipeleka makumbusho ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley Novemba 1871. Nje kuna mnara na miembe. Ziwa limejirudisha nyuma, halioni tena wageni wanaoshuka. Ndani kuna sanamu za wazungu wale wawili, urefu wa mtu, wamevua kofia wakiamkiana.

"Ingia katikati," shemeji akasema. "Nawe vua kofia."

Nikavua. Chumba kilikuwa na gizagiza, akanionya nisitikisike, picha isije ikatoka na ukungu. Mara simu yake ikaita: dada yangu. Akatoka mbio, maana simu ya mke haingoji. Nikabaki kofia juu, tabasamu limenikauka.

Wakaingia wanafunzi na mwalimu wao. Nilitaka kujitoa, lakini somo lilikuwa limeshaanza, na kwetu mwalimu hakatizwi.

"Mwalimu, wazungu tumewajua. Huyu mweusi?"

Mwalimu akakohoa. "Huyu ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Livingstone alipofariki 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo."

Nikajivuna! Kumbe mwalimu historia anaijua, tena ya wale waliobeba mzigo, ambao hatuwataji sana. Nikatoa kifua mbele kidogo.

"Mbona amevaa saa?"

"Zawadi ya Stanley."

"Na jezi ya Yanga?"

Kimya. Yanga imeanzishwa 1935. Hata mimi nilikuwa na hamu ya kusikia atachomokaje.

"Ndiyo maana," akasema taratibu, "alibaki mtumishi."

Kumbe Simba! Kuna matusi hata sanamu haiyavumilii.

"Mwalimu, hapo umezidi!"

Darasa zima lilipita mlango mmoja kwa mkupuo, mwalimu akiwa kinara. Mwongoza wageni akaja na ufagio juu juu. Nyuma yake shemeji, simu bado sikioni, anamsimulia dada yangu kwamba nimetisha watoto wa watu.

Wakajikusanya chini ya mwembe, wakanong'ona weee. Hatimaye binti mmoja akatumwa. Akachungulia, mguu mmoja ndani, mwingine tayari kukimbia.

"Shikamoo, Susi."

"Marahaba."

"Mwalimu anauliza, na hao wazungu nao wanaongea?"