Detroit Drive: ubabe wa kweli au ligi changa?

Misimu sita, fainali sita, ubingwa mara nne. Hiyo ndiyo rekodi ya Detroit Drive, timu ya futiboli ya Marekani ya ukumbini iliyocheza Joe Louis Arena kuanzia 1988 hadi 1993. Wapo wanaoiita timu bora kabisa ya ligi ya mchezo huo, Arena Football League. Wengine wanasema ilitamba kwa kukosa wapinzani.

Hoja hiyo ya pili ina mashiko. Mwaka 1989 ligi ilikuwa na timu tano, kila moja ikicheza mechi nne tu. Ubingwa wa mwaka huo, 39-26 dhidi ya Pittsburgh Gladiators, siwezi kuupa uzito sawa na ule wa 1992, ligi ilipokuwa na timu 12. Tena mmiliki, Mike Ilitch, tajiri wa piza za Little Caesars, alikuwa pia na Red Wings wa hoki ya barafuni, wenyeji wa ukumbi huohuo, kwa hiyo Drive walikuwa na pa kuchezea tayari.

Lakini ukumbi haukuokoi uwanjani. Mchezo huu ni wanane kwa wanane, yadi 50, kuta zimevikwa magodoro. Mpira ukigonga wavu kando ya goli na kurudi, unachezeka bado. Mchezaji anaufukuzia mpaka ukutani na kuangukia miguuni kwa watazamaji.

Mwaka 1990, kocha wao Tim Marcum akiwa hayupo, kocha Perry Moss aliwaongoza kuichapa Dallas Texans 51-27 katika fainali. Marcum akarudi 1991, na Gladiators, waliokwisha kuhamia Florida kwa jina la Tampa Bay Storm, wakalipiza kisasi 48-42 palepale Detroit. 1992 Drive wakaenda Orlando kuwafunga Predators 56-38 nyumbani kwao. Kocha wa Predators? Moss yuleyule. Huo kwangu ndio ubingwa wao mkubwa.

1993 Storm wakawafunga Drive tena palepale Detroit, 51-31, na ikawa mechi ya mwisho ya Drive. Ilitch alikuwa amenunua Detroit Tigers wa besiboli mwaka 1992, na michezo yote miwili huchezwa kiangazi. Kibiashara namwelewa: hakuna anayependa kushindana na duka lake mwenyewe. Ila shabiki aliyejaza ukumbi miaka sita alistahili zaidi ya kuona timu ikiuzwa na kupelekwa Worcester, ambako iliitwa Massachusetts Marauders na kudumu msimu mmoja, 1994.

Mwaka 1995 Marcum, akiwa na George LaFrance, nyota wake wa Detroit, alitwaa ubingwa akiwa Tampa Bay.