Nano kwenye betri, ukweli upo ila na stika nazo zipo

Jirani yangu hapa Uyole alinunua betri ya sola imebandikwa stika ya grafini, miezi minne tu ikafa, tukaipasua tukakuta mabamba ya risasi na asidi kama betri ya gari (msijaribu, suruali yangu ilitoboka). Sa uzuri wa grafini kwa muuzaji ni kwamba ni tabaka moja la kaboni, kwa macho huioni, kwaiyo hata ukisema umepigwa utathibitisha na nini?

Ila ndo msiseme nano yote, yaani kutumia vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ni usanii. Zile betri za lithiamu na chuma fosfeti ambazo mafundi sola wanazisifia, timu ya mwanasayansi wa betri John Goodenough iliitangaza elektrodi yake (sehemu ya betri inayotunza lithiamu) 1997 na ilikuwa inapitisha umeme vibaya mno, kilichoiokoa ni kusaga chembe ziwe ndogo sana na kuzipaka kaboni. Ni kama unga, ukiwa laini maji yanaufikia wote haraka.

Utamu upo kwenye silikoni. Kinywe, hii grafaiti ya kawaida ya upande hasi wa betri za lithiamu, inabeba chaji kama mAh (miliampea-saa) 372 kwa gramu, silikoni inapita 3,500! Tatizo ikichajiwa inavimba karibu mara 3 mpaka 4 alafu inapasuka, ila chembe zikiwa chini ya nanomita 150 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zinavimba bila kupasuka. Na silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) ya kutengenezea silikoni imejaa kwenye pumba za mpunga, nenda Ubaruku kule Mbarali uone milima yake nyuma ya mashine za kukoboa, watu wanachomea matofali.

Hapo ndo vijana wanachangamka eti tuna betri zinaoza Mbarali. Taratibu jamani. Silika sio silikoni, unahitaji magnesi, joto kama nyuzi 650, alafu uoshe na asidi, na hayo maji machafu utamwaga wapi, kwenye mifereji ya mpunga? Alafu unga laini ndo huohuo unaowahi kuganda kwa unyevu, chembe ndogo zina eneo kubwa la nje, kimiminika cha betri kinareact nalo na lithiamu inaliwa kuanzia chaji ya kwanza, ndo maana viwanda vingi vinachanganya silikoni kidogo tu ndani ya kinywe.

Mi nipo upande wa nano inayotibu ugonjwa unaojulikana, kama ile ya 1997. Ya pumba ibaki maabara kwanza mpaka mtu aonyeshe magnesi na maji machafu anayalipiaje, kwa sasa tofali linalipa zaidi.