Poromoko Moja kwa Siku Linatosha

Safari yangu ya kwanza na kikundi cha wapiga picha ilikuwa na maporomoko ya maji saba kwa siku mbili. Nilipoisoma ratiba niliona nimeokota dodo chini ya mnazi. Saba! Nilirudi na picha zaidi ya mia nne, na leo ukinionyesha moja ukaniuliza ni ya poromoko lipi, nitabahatisha tu. Tulishuka kwenye gari, tukapanga tripodi, yaani vile vigingi vya miguu mitatu vya kushikia kamera, mstari mmoja kama askari wa gwaride, tukapiga, kiongozi akatazama saa, tukapanda gari. Vituo karibu nusu tulivifikia jua likiwa la utosini. Hilo ndilo jua baya kuliko yote kwa poromoko: maji yanageuka weupe mtupu, miamba ya pembeni inabaki nyeusi tii, na ukiokoa kimoja umepoteza kingine.

Tangu hapo nina msimamo ambao rafiki zangu wamechoka kuusikia. Safari ya picha ipimwe kwa saa inazokupa mahali pamoja. Ratiba ndefu ni dalili mbaya.

Sababu iko kwenye maji yenyewe. Mlima ukiupiga sasa au baada ya dakika kumi, kinachobadilika ni mwanga tu. Poromoko linabadilika kwa jinsi unavyolipiga. Fungua shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, kwa 1/1000 ya sekunde, kila tone linaganda hewani. Ipe robo sekunde, maji yanakuwa nyuzi na bado jicho linaona yanakoelekea. Ipe sekunde kumi, yamekuwa pamba. (Mimi pamba siipendi, nasema wazi. Ila wapo wanaoipenda na hatujagombana.) Na kasi iliyokaa vizuri kwenye poromoko moja haihamii kwenye jingine, maana maji mengi yanayoshuka kwa kishindo huwahi kuwa pamba kuliko kijito kinachojivuta juu ya mawe. Kwa hiyo unajaribu, unatazama, unajaribu tena. Hiyo peke yake ni nusu saa, na hapo hujahamisha tripodi hata mara moja.

Halafu kuna rasharasha. Ukisimama karibu, upepo unaosukumwa na maji unakuletea matone usoni mwa lenzi kabla hujamaliza kulenga. Unafuta, unapiga, unafuta. Kitambaa kikishalowa hakifuti tena, kinapaka. Siku hizi nabeba vitambaa vitano, viwili ndani ya mfuko wa plastiki, na kamera naigeuzia mgongo maji mpaka niwe tayari kubonyeza. Nimejifunza pia kuizungusha filta ya polaraiza taratibu badala ya kuifunga tu na kuisahau: kuna mahali unafika, ule mng'ao mweupe juu ya jiwe lililolowa na majani unazimika, kijani kinatokea kama kimepakwa rangi sasa hivi. Filta hiyo inakula mwanga pia, robo sekunde inaweza kufika nusu au hata sekunde nzima, na mara nyingi hiyo inatosha. Zile filta nyeusi za stopu sita, zinazozidisha muda mara 64, nazitoa begani mara chache.

Mtu atauliza: kama unataka kutulia hivyo, kikundi cha nini? Si uende peke yako?

Nimekwenda peke yangu. Nimeteleza pia peke yangu, kwenye jiwe lenye ukoga, gizani kabla ya mapambazuko, nikakaa pale nikijipapasa goti huku maji yakinguruma kiasi kwamba hata ningepiga kelele nisingesikika. Tangu siku ile suala la usalama sibishani nalo. Zaidi ya hapo, kiongozi mzuri anajua jambo ambalo ramani haikuambii: saa ngapi jua linaingia kwenye lile bonde, na saa ngapi linatoka. Na anaposema leo mawingu yamefunga, ndiyo siku yetu, anamaanisha. Wingu zito linautawanya mwanga sawasawa, na poromoko lililo katikati ya msitu halitaki zaidi ya hapo.

Lakini kikundi kina adha zake, na nyingine huzijui mpaka zikukute. Tulipewa jukwaa zuri la mbao lililotazama maji uso kwa uso. Nikafungua shata sekunde nne. Picha ikatoka na ukungu, miamba mizima imetikisika. Nikakaza tripodi, nikazima kitulizaji cha lenzi, kile cha kupunguza mtikisiko, nikatumia taima ya sekunde mbili. Ukungu uleule. Nilikuwa naanza kuilaumu lenzi nilipohisi mbao zikinesa chini ya viatu vyangu: mwenzetu alikuwa anatembea huku na huku nyuma yetu akitafuta betri. Watu kumi na mmoja, jukwaa moja, na hakuna aliyekuwa ametuambia tusimame tuli.

Ubaya mkubwa zaidi ni kiongozi anayetangaza mipangilio kwa sauti. "F/11, ISO 100, nusu sekunde, haya!" Jioni mnaonyeshana picha, ni picha moja mara kumi na moja. Ukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, tazama poromoko la Horsetail Fall katika hifadhi ya Yosemite, Marekani. Katika nusu ya pili ya Februari, kama maji yapo na mawingu hayapo, jua la machweo hulimulika kwa dakika chache likaonekana kama moto unaomwagika kwenye ukuta wa jabali la El Capitan. Mpiga picha Galen Rowell alilipiga kwa rangi mwaka 1973. Sasa watu wanafurika, kingo za mto zilikanyagwa mpaka mimea ikaharibika, na uongozi wa hifadhi ukaweka vizuizi vya mahali pa kusimama. Siwacheki waliokwenda, mwanga ule ni wa ajabu kweli. Ninachojiuliza ni nini kilichobaki cha kutafuta pale kwa anayekwenda kesho.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa na poromoko moja asubuhi nzima. Saa moja ya kwanza tulipiga kile ambacho kila mtu hupiga. Ya pili, watu walianza kuchoka, wengine wakakaa. Mzee mmoja wa kikundi chetu akashuka kwenye dimbwi la pembeni, tripodi yake karibu ilale chini, lenzi ikitazama povu. Nilidhani amekata tamaa. Akaniita nitazame skrini yake. Sekunde thelathini: povu lilikuwa likizunguka polepole mno, jicho halikuliona, na kamera ilikuwa imelichora duara ndani ya duara, jeupe juu ya maji meusi, na jani moja la manjano limekwama katikati halikusogea hata kidogo.

Nilimwomba anipishe nafasi. Akasema ngoja kwanza, bado hajamaliza.