Pauni 30 za Tippu Tip

Februari 1887, mjini Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubaliana na mpelelezi Henry Morton Stanley kuwa wali wa Stanley Falls, huko Kongo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wanaomlaumu husema kwamba hapo ndipo alipoiuza bara kwa Wazungu.

Tuutazame mshahara huo. Mfanyabiashara aliyeshusha pembe za ndovu kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, hadi pwani, na ambaye tajiri Taria Topan alikuwa akimkopesha mali ya safari, hangeweza kununuliwa kwa pauni 30. Huenda fedha hizo zisingetosha hata posho ya msafara mmoja. Alichokitaka ni wadhifa, kwa kuwa chini ya bendera ya Leopold angeendelea kufanya biashara katika nchi ambayo bunduki zake pekee zisingeweza tena kuilinda. Isitoshe, bara ilikwisha kumtoka hata Sultani wa Unguja. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yakamwachia Sultani huyo, Seyyid Barghash, upande wa bara, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu pamoja na miji michache ya kaskazini. Ikiwa Sultani mwenyewe aliridhia, basi Tippu Tip angepigania mamlaka ya nani?

Hata hivyo, hoja hiyo inamtetea dhidi ya shutuma ya usaliti peke yake. Watu waliotekwa, na vijiji vya Manyema vilivyotozwa pembe kwa mtutu wa bunduki, havikuulizwa lolote katika mapatano yale, na mkataba uliomtaka wali azuie utekaji wa watumwa ulikabidhiwa kwa mtu ambaye utekaji huo ulikuwa sehemu ya utajiri wake. Leopold alilijua hilo, naye akalinyamazia kwa muda uliomfaa.

Muda huo haukuwa mrefu. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890; miaka miwili baadaye vita vikazuka kati ya majeshi ya Leopold na Waarabu, mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na kufikia 1894 utawala wa Waarabu huko Manyema ulikuwa umevunjwa. Yeye aliishi Unguja hadi alipofariki mwaka 1905, akiwa bado na mashamba yake.