Kasa Hadaiwi na Mgeni

"Tumelipa kuona kasa, tumeonyeshwa mchanga." Maneno hayo aliyasema mtu mzima, usiku, kwenye ufuo wa hifadhi, akimwambia mwongozaji aliyetutembeza gizani kwa uvumilivu mkubwa. Na kasa tulimwona. Alitoka majini mbele yetu, akapanda mpaka juu ya mstari wa maji kujaa, akaanza kufukua. Mwongozaji akatuzuia nyuma ya vichaka, akatuambia tusubiri. Tukasubiri. Kisha kasa akaliacha shimo, akageuka, akarudi baharini bila kutaga. Mwenzetu akataka kujua kwa nini hatukusogezwa pale tulipokuwa na nafasi.

Nafasi ya nini? Nimelibeba swali hilo tangu usiku ule, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo hasira inavyozidi.

Kasa jike anapotoka majini yuko kwenye saa yake ya woga kuliko zote. Baharini ni mwepesi. Mchangani anaburuza mwili unaoweza kuzidi kilo 100 kwa mapezi yaliyoumbwa kwa kuogelea. Kitu kidogo tu kinamgeuza: tochi, mtu aliyesimama ghafla, nyayo zinazokaribia. Wakati mwingine mchanga wenyewe unakuwa mkavu mno na shimo linabomoka kila anapolichimba, kwa hiyo si kila anayerudi bila kutaga amefukuzwa na watu. Lakini mwongozaji hawezi kubahatisha. Kwenye fukwe zinazosimamiwa vizuri, wageni humsogelea kasa baada ya mayai kuanza kudondoka, kwa nyuma, kimya, kwa muda mfupi. Akishaanza kutaga kwa kawaida huendelea mpaka amalize mayai yake 100 au zaidi. Kabla ya hapo ufuo ni wake peke yake, na mwongozaji wetu alilijua hilo vizuri.

Akirudi baharini bila kutaga, mayai bado anayo tumboni. Atajaribu tena usiku huohuo au unaofuata, pengine mahali pabaya zaidi, chini mno, ambapo maji ya bamvua yatakifikia kiota. Nguvu alizomaliza kupanda na kufukua hazirudi kirahisi, kwa sababu kasa wa kijani hula kidogo sana katika kipindi cha kutaga. Anategemea mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya safari. Alichukua miongo kadhaa kukomaa. Hatagi kila mwaka, mara nyingi hupita miaka 2 hadi 4 kabla hajarejea kwenye fukwe hizi, na anaporejea hutaga mara kadhaa, kila baada ya wiki 2 hivi. Yote haya yanategemea saa chache za giza na utulivu. Hakuna anayeingia wodi ya wazazi akadai kumwona mama akijifungua kwa kuwa amelipia tiketi getini, na sioni kwa nini kasa astahili heshima ndogo kuliko hiyo.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Ostional, Costa Rica, Septemba 2015. Ufuo ule hupokea kasa kigome kwa maelfu ndani ya siku chache, na ni miongoni mwa sehemu chache sana duniani ambako jambo hilo hutokea. Mwaka ule watalii walifurika kwa mamia. Walisimama katikati ya njia za kasa, wakawagusa, wengine wakawakalisha watoto wao juu ya magamba ili wapigwe picha. Walinzi waliokuwapo walizidiwa. Kasa wengi wakageuka wakarudi majini bila kutaga. Watu wale hawakwenda kuwadhuru. Walikwenda kwa sababu wanawapenda kasa, na hapo ndipo ninapoumia: mapenzi yasiyokubali kukaa mbali yanafanya kazi ileile ya uadui.

Sasa nije kwenye simu. Kwenye ufuo wa Tortuguero, pia Costa Rica, ambako mwanasayansi Archie Carr alianza kuwachunguza kasa wa kijani miaka ya 1950 na ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1975, mgeni wa usiku haruhusiwi kupiga picha. Kundi moja halizidi watu 10 kwa mwongozaji mmoja, na ziara zina saa zake. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba katazo la picha ni ukali usio na maana, kwamba flashi wameizima, kwamba wanataka kumbukumbu tu. Kioo cha simu chenyewe ni taa. Kwenye ufuo wa giza kinaonekana kutoka mbali, na mkono ulioshika simu haukai mahali pamoja; unanyooka, unasogea, unatafuta pembe nzuri, na mwenye mkono anaufuata. Watu 10 wenye simu 10 ni watu 10 wanaosogea. Wenye kanuni hizo waliijua tabia ya binadamu kabla ya kuijua tabia ya kasa, na walikuwa sahihi kwa yote mawili.

Tena mwanga hauishii kwa mama. Watoto wa kasa huchomoza usiku, mchanga unapopoa, na huielekea sehemu ya upeo wa macho iliyo na mwanga zaidi. Kwa maelfu ya vizazi sehemu hiyo ilikuwa bahari. Weka taa za hoteli nyuma ya ufuo na watoto watazifuata mpaka barabarani. Nakiri kwamba taa nyekundu huwasumbua kasa kidogo kuliko nyeupe, na mwongozaji anahitaji kuona anapokanyaga. Basi awe nayo yeye mmoja.

Lakini adui mkubwa kuliko simu, kwa maoni yangu, ni lile tangazo linalosema "uhakika wa kuona kasa". Hakuna mtu duniani anayeweza kutoa uhakika huo kwa uaminifu. Kasa hatoki kwa ratiba ya gari la wageni. Kwa hiyo aliyeahidi, siku kasa asipotokea kwa wakati, ana njia chache tu za kutimiza ahadi: amsogelee yule ambaye hajaanza kutaga, ambembeleze mlinzi afumbe macho, au awatoe watoto waliowekwa kwenye beseni. Hii ya beseni inaniuma kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi. Watoto wanakusanywa kiota kinapochomoza usiku, wanashikiliwa mpaka wageni wafike mchana au jioni, kisha wanaachiwa mmoja mmoja huku kila mtu akitabasamu kwenye picha.

Mtoto wa kasa anapotoka kiotani amebeba akiba ndogo ya kiini cha yai. Akiba hiyo ni ya kazi moja: kukimbia mchangani na kuogelea bila kupumzika kwa siku nzima hivi, mpaka avuke maji ya pwani yenye samaki wengi wanaomwinda. Ndani ya beseni anapiga mapezi yaleyale, kwa nguvu ileile, bila kufika popote. Anapowekwa mchangani saa nyingi baadaye ana nguvu pungufu, na kama jua bado lipo, ndege nao wapo. Mgeni anaondoka akiamini ameokoa kiumbe. Wapo wanaohamisha viota vilivyo hatarini na kuwaachia watoto mara tu wanapochomoza, hata ikiwa ni saa nane za usiku na hakuna wa kutazama. Hao nawaheshimu. Ukitaka kuwatofautisha na wengine, uliza saa ya kuachia imepangwa na nani.

Najua jibu nitakalopewa: bila wageni, nani atalipa walinzi? Ni kweli, nalikubali ingawa roho haitaki. Kwenye fukwe nyingi kiingilio ndicho mshahara wa doria, na kijana ambaye angechimbua mayai ayauze anaishi kwa kuwaongoza wageni. Hata nyayo za makundi ya usiku humfukuza mwizi wa mayai. Sitaki fukwe zote zifungwe. Lakini hoja hiyo ikiruhusiwa kwenda mbali inageuka kuwa ruhusa ya kila kitu, kana kwamba anayelipa mshahara wa mlinzi amenunua na haki ya kumwamrisha mlinzi.

Na zipo fukwe ambazo hazifai kutembelewa kabisa. Katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, ufuo wa Sekania umefungwa kwa umma, mchana na usiku, na ni kati ya fukwe zenye msongamano mkubwa zaidi wa viota vya kasa duvi katika Bahari ya Mediterania. Fukwe nyingine za kutagia katika ghuba hiyohiyo hufunguliwa mchana na kufungwa usiku. Nilipolisoma jambo hilo sikuhisi kunyimwa chochote. Nilifurahi kwamba kuna mahali watu waliweza kusema hapana na ikabaki hapana.

Mengine yana umuhimu wake na hayahitaji hotuba: fukia shimo ulilochimba, ondoa viti kabla ya jua kuzama, mwache mbwa nyumbani, usichomeke mwavuli mahali penye viota.

Yapo pia makubwa ambayo mgeni hawezi kuyazuia kwa usiku mmoja. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya kasa. Likipanda juu ya nyuzi 29 hivi, majike yanaongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kaskazini mwa miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ya kasa wa kijani wachanga waliopimwa walikuwa majike. Mgeni aliyevaa nguo za giza na kuzima simu hatalipunguza joto hilo. Ila kiumbe anayekabiliwa na hayo yote hastahili kuongezewa na mguu wangu.

Ninachotaka kwa wanaoandaa ziara hizi ni kitu cha kuandikwa kwenye tiketi, kwa herufi kubwa, kabla mtu hajatoa pesa: kwamba anaweza kutembea usiku mzima asione kasa, na pesa haitarudishwa, kwamba neno la mwongozaji ni la mwisho, kwamba anayewasha taa anatolewa ufuoni palepale. Asiyeyakubali hayo asipewe tiketi. Na mwongozaji yule aliyetuzuia nyuma ya vichaka asipunguziwe hata senti kwa sababu ya malalamiko ya yule mtu.