Hôtel Lambert: asili ya mwaka upi?

Hôtel Lambert si hoteli. Ni jumba la tajiri lililo kwenye ncha ya kisiwa cha Saint-Louis jijini Paris, lililojengwa miaka ya 1640 na msanifu Louis Le Vau, yule aliyekuja kufanya kazi katika kasri la Versailles. Liko chini ya ulinzi wa serikali tangu 1862. Mwaka 2007 mwanamfalme wa Qatar alilinunua, akataka lifti, viyoyozi na maegesho ya magari chini ya ardhi. Wizara ya Utamaduni ikaridhia. Chama cha Paris historique, kinachotetea majengo ya kale, kikaenda mahakamani, na Septemba 2009 kazi ikasimamishwa. Januari 2010 pande mbili zilipatana, na baadhi ya mipango ikaachwa.

Chama kilikuwa na hoja. Kuchimba chini ya nyumba ya karne ya 17 iliyo ukingoni mwa mto, ili tu magari yapate pa kulala, hata mimi kulinikwaza.

Lakini waliolia kwamba asili ya jumba, yaani sura yake ya awali, inaharibiwa, walimaanisha asili ya mwaka upi? Mchoraji Eustache Le Sueur alipamba humo vyumba viwili mashuhuri, cha Mapenzi na cha Muza, miungu wa kike wa sanaa. Mwaka 1776 picha zake ziling'olewa zikauzwa kwa mfalme Louis XVI, na leo ziko Louvre. Jumba likabaki na mapengo. Kisha, 1843, wakaja akina Czartoryski, wakimbizi wa Poland, wakaligeuza kuwa makao ya siasa za uhamishoni na ukumbi wa dansi; baadaye wakaja akina Rothschild, familia ya mabenki. Kila mwenyeji alibomoa hiki na kuongeza kile, na pesa zake ndizo zilizoshikilia paa. Bila mtu wa kuishi humo, nani angelipa?

Julai 2013, ukarabati ukiendelea, moto ulizuka usiku. Paa liliungua, na chumba cha bafu kilichopambwa na Le Sueur, ambacho hakuna aliyekigusa mwaka 1776, kikaangamia. Hapo ndipo ninaporudi kila mara: picha zilizong'olewa zipo, zilizoachwa mahali pake zimeteketea. Wapinzani watasema, tena kwa haki, kwamba bila mafundi humo ndani huenda moto usingezuka. Ila paa lililoungua lilirudishwa, na 2022 jumba liliponunuliwa na bilionea Xavier Niel, alikabidhiwa nyumba iliyo nzima.