Meza ya kujazia risasi haitaki panya wala fagio kavu

Vibanda vingi vya kujazia risasi, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye maganda yaliyokwisha kutumika, vina sura moja: mashine ya kushindilia inang'aa, mizani imefunikwa, lakini chini ya meza kuna ndoo ya magunzi yaliyosagwa, wazi kabisa, na kando yake mavi ya panya. Mwenyewe atakwambia panya ni kero tu. Kwangu mimi, panya ndiye wa kushughulikiwa kwanza hapo mezani, tena kwa sababu ya kikemia.

Mkojo wa panya ukioza hutoa amonia. Ganda la risasi kwa kawaida ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na shaba hiyo ikiwa imekazwa, kisha ikakutana na amonia na unyevunyevu, hupasuka yenyewe. Jambo hili si geni. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda yamepasuka ghalani msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mikojo ya farasi kwenye mazizi ya karibu. Ilipofika 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson wakaeleza kisa chenyewe. Tazama shingo ya ganda, pale linapobana kichwa cha risasi: ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, ukishuka kwa urefu. Ganda lililokojolewa na panya usihangaike kulisugua ili ulirudishe kazini. Litupe. Kwa mantiki hiyohiyo, dawa ya vioo na polishi ya shaba zenye amonia hazina nafasi kwenye meza hii, hata kama zinang'arisha vizuri namna gani.

Panya hafuati baruti, anafuata chakula na matandiko. Magunzi na maganda ya jozi yanayotumika kusugulia maganda ya risasi bado yana harufu ya chakula, na vitambaa vilivyorundikwa pembeni ni kitanda tayari. Vyote viingie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Kisha kagua ukuta kwa tochi. Tundu la milimita 6 linamtosha panya mdogo, kwa hiyo lishindilie steelwuli na uzibe juu yake kwa saruji. Mtego uwekwe ukutani, upande wenye chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiambaa. Siagi ya karanga kiasi cha punje ya njegere inatosha. Ukiweka nyingi atalamba pembeni na kuondoka. Sumu siipendekezi hata kidogo: panya hufia ndani ya ukuta, na baada ya siku chache una nzi pia.

Mavi yake yasifagiliwe makavu, maana vumbi lake hubeba maradhi. Ondoa kwanza baruti, fataki (vile vidude vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti) na maganda yote. Vaa glavu, lowesha mavi kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini na 9 za maji, subiri dakika 5, futa kwa karatasi. Klorini hiyo isichanganywe kamwe na kitu chenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu. Na isiguse maganda, nayo pia hula shaba.

Wadudu hawatishi hivyo, ila wana ujanja wao. Nyigu anayejenga kwa udongo huona ganda tupu lililosimama kibaoni kuwa nyumba aliyoandaliwa. Donge la udongo humo ndani hupunguza nafasi ya baruti, na nafasi ikipungua shinikizo hupanda. Basi maganda yakae kwenye chombo chenye mfuniko, na kila moja limulikwe kwa tochi kabla halijatiwa baruti. Mende naye hula gundi na karatasi. Kopo la baruti lililoliwa lebo usilibashirie. Baruti isiyojulikana haitumiki. Ila usimfukuze mende kwa dawa ya kupuliza: mafuta ya dawa hiyo yanaweza kuharibu fataki na baruti. Risasi ikiwaka nusu, kichwa kinaweza kukwama kwenye mtutu, na anayefyatua inayofuata ndiye anayepasukiwa na bunduki. Tumia dawa ya jeli, vitone vichache chini ya meza.

Baada ya panya, adui wa pili ni vumbi la meza yenyewe. Masizi ya fataki zilizotumika kwa kawaida yana madini ya risasi, na mashine ya kusugulia huyakusanya yote kwenye magunzi. Ukifagia kwa fagio kavu, unayavuta puani. Futa kwa karatasi yenye maji na sabuni, na magunzi uyachekechee nje. Watu hukimbilia mashine ya kunyonya vumbi, na hapo ndipo hatari inapozidi: cheche za mota na umeme tuli vinaweza kuwasha baruti au fataki iliyonyonywa, huku kichujio cha kawaida kikipitisha vumbi laini la madini ya risasi na kulirudisha chumbani. Baruti iliyomwagika ikusanywe kwa brashi ya nywele asilia, wala isirudishwe koponi, hata ikionekana safi. Zingatia zaidi sehemu ya kupachikia fataki. Punje za baruti zilizolala pale zinasubiri fataki moja tu ilipuke kwa bahati mbaya.

Kazi ikiisha, baruti irudi kwenye kopo lake usiku huohuo. Ikilala kwenye chombo cha kupimia hula plastiki yake, na kesho huna uhakika ni aina gani. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula au mtoto. Karatasi ulizofutia zifungwe kwenye mfuko na zitupwe. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.